Je, Wajua? Samaki wa Mwalimu na Pampu ya Tangi Lake

Je, wajua kwamba samaki mwenye jina la Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, anafugwa kwenye matangi ya vioo Ulaya na Marekani? Ni furu wa Ziwa Victoria. Wanasayansi walimpa jina la nyererei mwaka 1985, na leo anajulikana kama Pundamilia nyererei. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi ya kushuka. Mwaka 2014 alikuwa miongoni mwa samaki watano wa Afrika ambao jeni zao zilichapishwa kwa pamoja.

Na ni wa kwetu kabisa. Kisiwa cha Makobe, ambako amechunguzwa sana, kiko kwenye Ghuba ya Speke, ghuba ileile inayofika Bunda. Mtu wa Musoma anayetaka tangi kubwa sebuleni hahitaji kutamani samaki wa Amazon.

Je, wajua kwamba furu jike huchagua dume kwa rangi? Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa kwenye mwanga mweupe majike walifuata madume wa aina yao, lakini kwenye mwanga wa rangi ya chungwa walishindwa kuwatofautisha. Ziwa likichafuka, mwanga hupungua na aina huchanganyika. Nyumbani nako, maji yenye ukungu huficha rangi ileile iliyokufanya umpende samaki huyu. Kinachoyatakasa ni mzunguko: maji hushuka kwenye tangi la chini lenye chujio, kisha pampu huyarudisha juu. Pampu ikiwa dhaifu, chujio la bei kubwa halisaidii kitu.

Tangi la sentimita 200 kwa 60, lenye kina cha maji cha sentimita 50, linabeba lita 600. Hizo ni kilo 600 kabla hujahesabu kioo na mawe. Wafugaji wengi hulenga maji yazunguke kama mara tano kwa saa, yaani lita 3,000.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopunjika. Je, wajua kwamba namba kubwa kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji hata kidogo? Na ile mita ya juu iliyoandikwa pembeni ndiyo kimo ambacho maji hayatoki hata tone. Pampu iliyoandikwa lita 3,000 na mita 2, ukiitaka ipandishe maji mita moja na nusu, itakupa sehemu ndogo tu ya hizo lita. Mwombe muuzaji mchoro unaoonyesha lita kwa kila kimo. Hana? Ijaribu palepale: izamishe kwenye beseni la maji, inua mpira wake mita moja na nusu, kinga ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 24, hizo ni lita 3,000 kwa saa.

Bomba nalo lina maneno yake. Ukiongeza upana wake mara mbili, msuguano hushuka takriban mara 30 kwa maji yaleyale. Usikubali fundi akubanie bomba ili kuokoa shilingi chache, na elbo ziwe chache.

Ndugu yako kakutumia pampu kutoka Marekani? Transfoma itashusha volti, lakini haibadili hezi 60 za kule kuwa 50 za kwetu. Pampu nyingi za umeme wa kawaida zitazunguka pungufu kwa moja ya sita, na uwezo wa kupandisha maji utashuka karibu theluthi.

Pampu ya wati 40 inayokesha hula karibu uniti moja kila siku. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua kubwa kupita kiasi.

Je, wajua kwamba umeme ukikatika maji hurudi nyuma kupitia bomba lilelile? Kwenye tangi letu, kila sentimita moja ya kina ni lita 12. Mdomo wa bomba ukiwa sentimita 5 chini ya uso wa maji, lita 60 zitashuka, na tangi la chini lisipokuwa na nafasi zitaishia kwenye zulia. Toboa kitundu kidogo kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso wa maji, hewa iingie na kukata mvuto unaorudisha maji chini. Valvu ya kuzuia maji yasirudi hukwama kwa uchafu. Usiitegemee peke yake.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya Musoma hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam kwenye joto lilelile. Umeme ukikatika usiku samaki huanza kuhema juu. Pampu ndogo ya hewa ya betri huwaokoa.

Jambo moja zaidi: mama furu hulea mayai na vichanga mdomoni. Akiwatema, vichanga hufuata maji hadi chini na kuvutwa na pampu. Funika tundu la kushukia kwa sifongo, na mdomo wa pampu pia.