Likizo Yenye Faida: Izungukeni Kanda ya Ziwa Mjionee Ufundi na Vyakula Vyetu

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, shule zifungapo katikati ya mwaka, wazazi wengi wa Mwanza huulizana wawapeleke wapi watoto. Aghalabu watoto hupelekwa kwa shangazi mjini Dar es Salaam, au hubaki nyumbani wakitazama televisheni. Leo tunakuletea shauri jingine: zungukeni pamoja, baba, mama na watoto, kando ya ziwa letu, mkatazame kazi za mikono na kula vyakula vya wenyeji.

Wenzetu wa Ufaransa wana desturi ya kuzunguka mikoa yao wakati wa likizo kwa nia hiyo hiyo. Jibini yao iitwayo Roquefort, itokanayo na maziwa ya kondoo, hukomazwa katika mapango ya kijiji kimoja tu, nayo imelindwa kisheria tangu mwaka 1925. Mfaransa haoni haya kusafiri siku nzima kwa ajili ya jibini. Kwa nini basi sisi tuone haya kwa dagaa na michembe?

MJINI MWANZA

Anzieni Makoroboi. Mtaa huo ulipata jina kutokana na koroboi, taa ndogo za mafuta ya taa ambazo mafundi walizitengeneza kwa makopo yaliyokwisha tupwa. Waelezeni watoto jinsi bati chakavu, likipata mkasi, nyundo na mkono wenye maarifa, lilivyoweza kuangaza nyumba nzima.

Kutoka hapo nendeni Mwaloni, Kirumba, kwenye soko kubwa la samaki. Huko mtaona magunia ya dagaa yakingojea kusafirishwa mikoani na hata nchi za jirani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakati mwezi haupo, kwa kuvutwa na mwanga wa taa. Kukicha, kazi huwa mikononi mwa wanaokausha, wengi wao wakiwa kina mama, ambao huwaanika na kuwageuza juani. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, jasho la usiku mzima hupotea. Mtoto akilijua hilo, hatawaacha dagaa sahanini ovyo.

BUJORA

Siku ya pili shikeni barabara ya Musoma hadi Kisesa, yapata kilomita 20 kutoka mjini, mkaitembelee Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Mwasisi wake ni Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyeanza kazi yake hapo katika miaka ya 1950. Kanisa la Bujora lenyewe lina umbo la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya mtemi.

Humo mna ngoma za watemi, nyumba ya mganga, na zana za wahunzi. Wahunzi mashuhuri wa upande huu walikuwa Warongo wa Geita, waliochimba mawe ya chuma, wakayayeyusha kwa moto wa mvukuto na kufua majembe. Jembe lilikuwa zana ya kazi, na tena lilitolewa mahari. Tazameni pia vibuyu vikubwa ambavyo maziwa hutikiswa ndani yake hata siagi ikajitenga.

Mkiweza, fikeni mwezi Juni, wakati wa sherehe ya Bulabo. Hapo vikundi vya Bagika na Bagalu, vilivyotokana na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, hushindana kwa ngoma. Mtawaona wachezaji wa bugobogobo wakirusha majembe juu na kuyadaka kwa mapigo ya ngoma, kwa maana ngoma hiyo ilizaliwa shambani, watu walipolimiana kwa zamu.

UKEREWE

Siku ya tatu pandeni meli hadi Nansio. Kisiwa cha Ukerewe kinasifika kwa machungwa, samaki na ugali wa muhogo. Muulizeni mwenyeji namna ya kutengeneza udaga: muhogo huvundikwa, hukaushwa, kisha husagwa. Ugali wake kwa sato wa kuchemsha ni karamu isiyohitaji nakshi.

Kisiwa hiki ndicho nyumbani kwa Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika kwa Kikerewe, mwaka 1945, hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka 1981. Alihofu kwamba mila na kazi za wazee wake zingesahauliwa, na hofu hiyo haijatuondoka bado.

GHALA LA AKIBA

Mnaporudi, nunueni chakula cha akiba kwa kina mama wa vijijini. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakaanikwa. Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa, nayo hupikwa vizuri kwa karanga. Wasukuma hawakuvumbua vyakula hivi kwa mapambo. Mvua ilipokosekana, ndivyo vilivyovusha familia hadi mavuno. Leo vijana wengi huviita chakula cha kimaskini, na msichana asiyejua kuvitengeneza hatamfundisha mwanawe. Ukame nao haujaacha kuja.

YA KUZINGATIA

Kwanza, usalama. Hatujaisahau Mv. Bukoba iliyozama mwaka 1996, wala Mv. Nyerere iliyozama karibu na Ukara mwaka 2018. Chombo kikijaa kupita kiasi, shukeni mngojee kingine, hata kama nauli imekwisha lipwa.

Pili, ombeni ruhusa kabla ya kumpiga picha mtu aliye kazini.

Tatu, msimpunje fundi. Chungu kimoja kina kazi ya kuchimba udongo, kuufinyanga, kuukausha na kuuchoma. Mfinyanzi akikosa mnunuzi wa kumlipa sawasawa, mwanawe ataliacha tanuru, na baada yake hakuna wa kumuuliza.

Na chungu hicho, ndugu msomaji, kisiende kukaa kabatini. Pikieni nsansa Jumapili ijayo, na mtoto ndiye achochee kuni.