Nani Ashike Usukani? Safari za Tanga na Malezi ya Viongozi Ufipa

Ukisimama Mollo, juu ya uwanda wa Ufipa, Ziwa Tanganyika hulioni. Uwanda uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa limelala chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, zaidi ya mita 1,000 chini yake. Huku juu watu wanalima mahindi, maharage, ngano na ulezi. Kule chini, kuanzia Kasanga hadi Kala, Wampembe, Kipili na Kirando, maisha ni dagaa na migebuka. Mkoa ni mmoja, Rukwa, lakini mkulima wa uwandani huliona ziwa kama mahali pa kununulia samaki tu. Napenda kuonyesha kwamba ziwa hilo linaweza kutupatia jambo jingine tunalolihitaji sana: watu wanaojua kuongoza kikundi na kuongozwa ndani yake. Vyama vya ushirika vya msingi, vikundi vya kuweka na kukopa, jumuiya za watumia maji na kamati za shule havifi kwa kukosa katiba wala mihuri. Hufa kwa sababu wanachama wanaona kosa wakanyamaza, na mwenyekiti hajui kusikiliza mpaka fedha zimekwisha. Safari ya siku kadhaa katika chombo cha tanga ni mojawapo ya njia bora za kutibu maradhi hayo, lakini kwa masharti ambayo watu wengi huyasahau. Ugumu wa safari, peke yake, haumfanyi mtu kuwa kiongozi.

Kwanza tuangalie chombo chenyewe. Tanga la pembetatu linaloning'inia kwenye foromali, kama la jahazi la pwani, haliwezi kushughulikiwa na mtu mmoja. Nahodha akitaka kubadili upande wa upepo, anayeshika usukani lazima akipindue chombo kwa wakati wake, aliye kwenye demani ailegeze kamba bila kuiachia, na wengine wahamishe foromali kupita mbele ya mlingoti kabla upepo haujaliwahi tanga. Wakati huohuo mzigo na watu huhama ubavu, na kuna mtu chini anafua maji. Mmoja akichelewa, tanga linapiga, chombo kinapoteza mwendo, na kila aliyemo anaona ni wapi pamekwama. Hapo ndipo penye thamani kubwa ya jambo hili. Shambani Ufipa, kosa la upanzi wa Desemba huonekana wakati wa mavuno, na kufikia siku hiyo kila mtu ana maelezo yake: mvua, mbegu, mbolea iliyochelewa. Katika chama cha ushirika, uamuzi mbaya huweza kukaa miaka miwili kabla mkaguzi hajaufichua. Majini jibu huja ndani ya dakika chache, na halina upendeleo kwa mwenye cheo. Binadamu hujifunza upesi pale tendo na matokeo yake yanapokaribiana, na ni kazi chache za kikundi zinazoyaweka karibu kiasi hicho.

Wazo la kuitumia bahari kwa malezi lina historia yake. Mwaka 1941, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, mwalimu Mjerumani Kurt Hahn, aliyekuwa ameukimbia utawala wa Hitler, alishirikiana na mmiliki wa meli Lawrence Holt kuanzisha shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales. Holt aliamini kwamba meli za biashara zilipozamishwa, mabaharia vijana walikata tamaa na kufa ndani ya mashua za kuokolea, ilhali wazee wenye miili dhaifu zaidi walinusurika. Imani hiyo ilitokana zaidi na uzoefu kuliko hesabu, na ni haki kulisema hilo. Lakini ilizaa mtindo ulioenea duniani, na mwaka 1952 ulifika Afrika Mashariki kupitia shule ya Loitokitok, Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro, ambako mlima ulichukua nafasi ya bahari. Takwimu zilikuja baadaye. Mwaka 1997 John Hattie na wenzake watatu walikusanya tafiti 96 kuhusu mafunzo ya aina hii, zikihusu washiriki zaidi ya 12,000. Walikuta badiliko la kiasi: ukiwapanga watu 100 kuanzia wa chini, aliyekuwa wa 50 kabla ya mafunzo alisogea hadi kama wa 63. Kikubwa zaidi ni kwamba badiliko hilo halikufifia baada ya washiriki kurudi nyumbani. Kwa wastani liliongezeka. Lakini tafiti hizohizo zilionyesha tofauti kubwa mno kati ya programu na programu. Safari ndefu zilishinda fupi, na zipo ambazo hazikuacha chochote. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza ni kitu gani hasa kinachofanya kazi ndani ya safari.

Kwa swali hilo, pwani yetu wenyewe ya Ziwa Tanganyika ina ushahidi. Mwaka 1915 kikosi cha wanamaji Waingereza chini ya Geoffrey Spicer-Simson kilisafirisha boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town hadi ziwani kupitia Kongo. Zilipanda reli, zikakokotwa na magari ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, kwenye barabara iliyokatwa kwa mikono ya vibarua Waafrika ambao historia haikujali kuandika majina yao. Kama shida hujenga uongozi, basi msafara ule ulikuwa chuo kikuu. Na kweli walifanikiwa: Desemba 26, 1915 waliiteka meli ya Wajerumani Kingani, na Februari 9, 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Lakini Juni 1916 kiongozi huyohuyo alipofika Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, aliiona ngome yenye mizinga, akageuza boti zake akaondoka. Wajerumani wakatoroka kwa mitumbwi na majahazi, huku jeshi la nchi kavu lililokuwa likiwakaribia kutoka upande wa pili likibaki mikono mitupu. Baadaye ikabainika kwamba mizinga iliyomtisha ilikuwa ya mbao. Maelfu ya kilomita za taabu hazikumfundisha kushauriana na wenzake wa nchi kavu, wala kuupima upya uamuzi wake, kwa sababu safari nzima aliamuru na wengine wakatii.

Miaka 40 kabla ya hapo, mwambao huo wa Ufipa ulipitiwa na chombo kingine, Lady Alice, mashua ya vipande iliyobebwa na wapagazi kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Vitabu husema kwamba Henry Morton Stanley alilizunguka Ziwa Tanganyika kati ya Juni na Julai 1876. Ukweli ulio kamili zaidi ni kwamba aliyeshika usukani alikuwa Uledi, mmoja wa waungwana wa Zanzibar, na walioijua njia walikuwa wenyeji wa Ujiji waliowahi kuwaongoza wasafiri waliotangulia. Amri ilikuwa kwa mtu mmoja, ujuzi ulikuwa kwa wengine, na chombo kilirudi salama kwa sababu ujuzi ulipewa nafasi. Nikiziweka safari hizi mbili pamoja, naona jibu la swali letu. Kinachofundisha ni namna mamlaka yanavyopita mikononi mwa watu wakati kazi inaendelea: nani anasema, nani anasikilizwa, na nini hutokea asiposikilizwa. Basi safari ya mafunzo inayomwacha mwalimu ashike usukani mwanzo hadi mwisho ni matembezi tu. Usukani lazima uzunguke, kila siku kwa mtu mwingine, pamoja na wajibu wa kupanga chakula, kupima upepo na kuamua pa kulala. Na kila jioni, chombo kikishafungwa, kikundi kikae kijieleze kwa uwazi kuhusu maamuzi ya siku, kikianza na ya yule aliyeongoza.

Hapa wazee watapinga, na wana haki ya kusikilizwa. Mafunzo ambayo kijana wa miaka 20 anamwambia mtu wa miaka 50 kwamba amekosea, je, hayatabomoa adabu tuliyolelewa nayo? Mfano ninaoupa uzito mkubwa kuliko yote unatoka angani. Machi 27, 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye barabara ya kurukia na watu 583 wakafa. Fundi wa ndege iliyokuwa ikiruka aliuliza kama ile nyingine ilikuwa imekwisha kuondoka njiani. Rubani, mtu wa heshima kubwa katika kampuni yake, alijibu kwa uhakika kwamba imeondoka, na fundi hakuuliza tena. Baada ya ajali hiyo na nyingine zilizofanana nayo, mashirika ya ndege yalianza kuwafunza wadogo namna ya kusema na wakubwa namna ya kupokea. Nidhamu haikuvunjika kwenye vyumba vya marubani, iliimarika. Kijana anayesimama kwenye omo akapiga kelele "mwamba, mzee!" hajamvunjia mzee heshima. Adabu yetu ina maneno ya kutosha ya kumwonya mkubwa bila kumdhalilisha. Tunachokosa ni mazoezi ya kuyatumia mapema, jambo likiwa bado linarekebishika.

Pingamizi la pili ni kali zaidi. Wavuvi wa Kirando na Kasanga wako majini usiku kwa usiku, mitumbwi miwili imefungwa pamoja, taa zinawaka, wavu unainuliwa kwa mikono ya watu kadhaa kwa mpigo mmoja. Kama maji hufundisha uongozi, mbona vijiji vya wavuvi navyo vina vikundi vinavyokufa? Swali hili ndilo lililonishawishi kwamba maji peke yake hayatoshi. Wavuvi wana ushirikiano wa hali ya juu kabisa ndani ya kazi yao, lakini majukumu yao yamegandishwa: mwenye chombo ni mwenye chombo, mvuta wavu ni mvuta wavu, na asubuhi mjadala ni wa mgawo wa samaki, si wa maamuzi ya usiku. Ujuzi unaopatikana bila kuzungumzwa hubaki pale ulipopatikana. Ndiyo maana napinga desturi ya kuokota vijana mmoja mmoja kutoka shule na ofisi mbalimbali, kuwapeleka safari, kisha kuwatawanya na vyeti. Kiende kikundi kizima kitakachorudi kufanya kazi pamoja: bodi yote ya chama cha ushirika cha Mollo, wanawake kwa wanaume, mweka hazina pamoja na mwenyekiti anayemwogopa. Mazungumzo yaliyoanzia chomboni yapate mkutano wa kuendelea nayo nyumbani.

Kuna woga wa ajali, na sitaupuuza. Taifa hili lilizika mamia ya watu baada ya meli ya MV Bukoba kuzama Mei 21, 1996, na likazika wengine zaidi ya 220 baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470, na mawimbi yake ya kiangazi si ya mchezo. Basi masharti yasiwe na mjadala: chombo kilichokaguliwa, jaketi okozi mwilini mwa kila mtu muda wote, idadi ya watu isiyozidi uwezo wa chombo, boti ya injini inayofuatana nao, na nahodha mwenyeji mwenye mamlaka ya kuuchukua usukani wakati wowote bila kujieleza. Mwanafunzi aongoze ndani ya mipaka ya nahodha huyo. Lakini tukumbuke pia kwamba vyombo vile viwili vilibeba watu kupita kiasi, machoni pa watu wazima wengi. Kumzoesha mtu kusema "tumezidi, tushuke" ni sehemu ya usalama wenyewe.

Wengine watauliza: kwani Jeshi la Kujenga Taifa halitoshi? JKT, lililoanzishwa Julai 10, 1963, lina kambi zake hapahapa Rukwa, na tangu utaratibu wa kuwachukua wahitimu wa kidato cha sita uliporejeshwa mwaka 2013, baada ya kusitishwa mwaka 1994, limewapa vijana wengi ukakamavu na moyo wa kazi ya pamoja. Naliheshimu kwa hilo. Lakini jeshi hujenga utii kwanza, na lina sababu zake. Mwenyekiti wa kikundi cha kukopeshana hana cheo cha kumlazimisha mtu. Ana ushawishi tu. Hiyo ni stadi nyingine, nayo inahitaji mahali pake pa kuzoezwa.

Majira yanatusaidia kuliko tunavyodhani. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, ukisukuma maji ya juu kuelekea kaskazini na kuyainua maji ya chini yenye rutuba kwenye ncha ya kusini. Kikundi kinachotweka tanga Kasanga wakati huo hufika Wampembe upepo ukiwa mgongoni, kila mtu akijiona baharia. Ni kurudi kunakodai akili: kwenda bisho, kukata upepo upande huu na upande ule, kusubiri ghubani upepo utulie, kugawana zamu watu wakiwa wamechoka na kila mmoja ana maoni yake. Safari ipangwe ili marudio hayo yapewe siku nyingi kuliko kwenda. Mwezi Agosti, mahindi ya uwandani yakiwa yameshaingia ghalani, mkulima ana nafasi. Na mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, vyombo vililala ufukweni na manahodha wakakosa kipato kwa miezi mitatu. Fedha ambazo halmashauri na wafadhili wanatumia kwa semina za uongozi kwenye kumbi za Sumbawanga, posho na chai juu yake, zingeweza kuwalipa manahodha hao kipindi kama hicho kuwa walimu, na kuwalipa mafundi wa Kipili na Kirando kuunda chombo kimoja cha tanga cha watu 12. Kwa kuanzia, kimoja kinatosha.