Mifereji ya Marakwet, Matao ya Roma

Kisii na Nyamira hazina njaa ya maji. Shida ni kwamba maji yako chini na watu wako juu. Nyumba zimekaa mgongoni mwa kilima, chemchemi imetokeza bondeni, na aliyeshuka na jerikeni tupu atapanda nayo imejaa. Hata maji ya mji wa Kisii, yanayosafishwa Kegati kutoka Mto Gucha, hupandishwa kwa pampu.

Ndiyo maana Mgusii akifika Tot, katika Bonde la Kerio, lazima ashangae. Huko mambo ni kinyume: mvua hunyesha juu, kwenye Milima ya Cherangani, na mashamba yako chini, kwenye bonde kame. Karne kadhaa zilizopita Wamarakwet, wenyeji wa huko, waliiona nafasi hiyo, wakaikinga mito kama Embobut kwa mawe, magogo na nyasi, kisha wakayaongoza maji kando ya magenge. Penye ufa walitandika magogo yaliyochongwa matumbo. Siku hizi baadhi yamepisha mabomba. Pampu hakuna. Mteremko ndio unaofanya kazi yote.

Warumi walitegemea mteremko huohuo. Mfereji wao wa kwanza, Aqua Appia, ulijengwa mwaka 312 KK, na kama mingi iliyofuata, sehemu yake kubwa ilipita chini ya ardhi. Matao yanayopigwa picha na watalii yalihitajika pale tu ardhi iliposhuka chini ya njia ya maji. Daraja la Pont du Gard, kusini mwa Ufaransa, lina kimo cha karibu mita 49, lakini ni kipande kidogo cha mfereji wa kilomita 50 hivi uliopeleka maji Nîmes.

Wezi nao hawakukosekana. Frontinus, aliyekabidhiwa maji ya Roma mwaka 97 BK, aliandika kwa hasira juu ya waliotoboa mifereji kwa siri. Wamarakwet hugawana maji kwa zamu, usiku na mchana, na mgogoro huamuliwa na baraza la wazee.

Tofauti kubwa ni hii: mifereji ya Marakwet ingali inanywesha wimbi, mahindi na miembe, na wenyewe ni koo. Anayetaka kuizuru aulizie kwanza usalama wa bonde, maana wizi wa mifugo haujakoma, kisha aombe ruhusa kwa wazee. Wanawake, kwa desturi, hawafiki kwenye chanzo cha mfereji.