Niko poa, nilisema: Jinsi Ladakh ilivyonilaza

Tuseme unasomea Pune, chuo kimefunga, na mabeshte wameamua mnaenda Ladakh, kule kaskazini kabisa mwa India. Begi moja mgongoni, sweta mbili, chaja. Wenzako wanaulizana nani amebeba tembe za kuzuia ugonjwa wa milimani, na wewe unacheka. Kwani wewe si Mkenya? Si umezaliwa Nyahururu, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na darasa zima linakuita Kipchoge ingawa hujawahi kukimbilia chochote isipokuwa matatu?

Basi huyo unayemsoma ndiye mimi. Keti nikueleze.

Delhi iko kwenye mita 200 hivi. Leh, mji mkuu wa Ladakh, uko kwenye mita 3,500, na ndege huchukua kama saa moja na nusu. Yaani kwa muda ambao ungekwama kwenye jam ya Rongai Ijumaa jioni, mwili wako umeinuliwa zaidi ya kilomita tatu. Hewa ya huko ina oksijeni kwa kiwango kile kile cha asilimia 21, ila mgandamizo wake umeshuka, kwa hivyo kila pumzi inakupa karibu theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo ungevuta ukiwa Mombasa.

Kuwa fiti hakukukingi. Na utoto wa Nyahururu je? Ukiishi chini wiki chache tu, mwili unasahau.

Halafu kuna jangwa lenyewe. Usifikirie Chalbi. Hili ni jangwa la baridi; milima ya Himalaya inazuia mawingu ya mvua yanayotoka kusini, na Leh hupata milimita 100 hivi za mvua kwa mwaka mzima. Jua linakuchoma paji la uso huku miguu iliyo kivulini inaganda. Midomo inapasuka. Jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hivyo huwezi kujua umepoteza maji kiasi gani. Hapo ndipo nilipojidanganya: kichwa kilipoanza kugonga jioni ya kwanza, nilisema ni kiu na jua.

Wageni wote huambiwa walale siku mbili kabla ya kwenda popote. Mimi siku hiyo hiyo nilipanda ngazi za Shanti Stupa, kama 500 hivi, nipate picha ya machweo. Usiku sikulala. Asubuhi nilikataa chapati, na mtu wa kwetu akikataa chapati ujue kuna shida. Rafiki yangu aliniuliza, "Uko sawa?" Niko poa, nikamjibu.

Acha nikwambie ukweli kuhusu hilo jibu. Tulikuwa wanne, tumechangia gari, tumelipia vibali vya kwenda ziwa Pangong, na hakuna aliyekuwa na pesa za kurudia. Ningesema naumwa, safari ya wote ingeharibika. Niliona heri kichwa kiume kuliko kuwa yule msee aliyewarudisha watu nyumbani. Nilimeza dawa ya maumivu, nikapanda gari.

Barabara ya Pangong hupitia Chang La, kwenye mita 5,360 hivi, ambako oksijeni unayopata ni karibu nusu ya ile ya pwani. Tukapiga picha, nikaulizwa tena, nikajibu vile vile. Ziwani, mita 4,250, maji ni ya samawati ajabu, lakini sikumbuki mengi. Nilitapika mara tatu gizani. Rafiki yangu akaniwashia tochi ya simu, akaniambia nitembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, kama polisi anavyopima mlevi. Niliyumba kama mlevi.

Kuyumba si kichwa kuuma tu. Ni dalili kwamba ubongo umeanza kuvimba, na hali hiyo huua. Nyingine ya kuogopa ni kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, pamoja na kikohozi cha povu. Hapo maji yameingia mapafuni. Dawa ya kwanza kwa zote mbili ni kushuka, si kungoja kupambazuke.

Shida ni kwamba kutoka Pangong kurudi Leh, unashuka kwa kupanda kwanza. Chang La ile ile iko katikati. Dereva wetu, mzee asiyeongea sana, hakubishana na mtu. Alituteremsha usiku huo hadi kijiji cha Tangtse, chini kidogo, penye kituo cha afya. Nikawekewa oksijeni na kudungwa sindano. Asubuhi tulivuka Chang La nikiwa na mtungi wa oksijeni mapajani, na yule mzee hakusimamisha gari hata mara moja.

Unaposoma haya usiseme Ladakh ni mbali. Kwenye Mlima Kenya, kwa njia ya Naro Moru, watu hulala Met Station, mita 3,050, na usiku unaofuata wako Mackinder's, mita 4,200. Ushauri wa kawaida ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kwa kila usiku unaolala. Wewe piga hesabu. Ukiweza, ongeza siku. Tembe kama Diamox husaidia, lakini muone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa hukudhuru.

Hospitalini Leh rafiki yangu alikaa kando ya kitanda kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ungeniambia siku ya kwanza, tungelala tu." Hajawahi kunidai pesa za gari.

Picha ya Chang La bado iko kwa simu. Nimeinua dole gumba, meno yote nje. Ukiikuza, utaona midomo yangu imegeuka zambarau.