Laptopu ya Ex-UK, Skrini Ndogo? Piga Madirisha Yako Taili Uache Kuumia na Alt-Tab

Kama unachapa job za mtandaoni hapa 64, najua vile meza yako inakaa. Laptopu ya ex-UK ulitoa tao, betri inashika lisaa na kitu, na madirisha matano yamelaliana kama abiria wa mathree ya Langas saa kumi na mbili jioni. Unasoma kwa dirisha moja, unafinya Alt na Tab, unaandika kwa lingine, unarudi, ushasahau ulikuwa mstari gani.

Mimi hiyo kitu ilinikula doh. Mwaka wa kwanza baada ya kuachana na koleji nilipewa job ya kuhamisha orodha ya bei kutoka PDF hadi kwa jedwali, mistari kama mia tatu hivi. Mahali fulani katikati niliruka mmoja. Kuanzia hapo kila bei ikakaa kwa bidhaa ya jirani yake. Klaienti akakataa job yote, na hiyo ndiyo ilikuwa inalipa keja ya Kapsoya. Karetaka hakutaka kuskia story za Alt-Tab.

Sasa wasee wengi wanahamia Linux, na sababu iko wazi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na hizi mashine zetu za zamani nyingi haziwezi kubeba Windows 11 kwa njia rasmi. Linux Mint au Xubuntu zinaingia bila malipo na mashine inafufuka. Lakini ukishaingia, skrini ni ile ile. Ndio maana leo nataka tuongee kuhusu kupiga taili.

Unamjua fundi wa taili? Anaweka kigae kando ya kigae, hakuna kimelalia kingine, hakuna nafasi imebaki bure. Madirisha nayo yanaweza kupangwa hivyo. PDF kushoto, jedwali kulia, macho yanahama tu. Na si kitu mpya: Windows ya kwanza kabisa, ya 1985, ilikuwa inapanga madirisha kando kwa kando, hayakukubaliwa kulaliana. Kulaliana kulikuja baadaye.

Kazi hiyo inafanywa na programu inaitwa meneja wa madirisha. Ndiyo inaamua dirisha likae wapi, liwe na upana gani, nani awe juu. Kwa Windows hiyo sehemu umefungiwa. Kwa Linux unachagua yako, na msimbo uko wazi kwa yeyote.

Ukiwa na mashine dhaifu, pengine uko kwa Xfce, mradi ulioanzishwa na Olivier Fourdan mwaka wa 1996. Tangu toleo la 4.12 la mwaka wa 2015 inaweza kupanga hata kwa pembe nne, yaani robo ya skrini kila dirisha. Unashika dirisha na mausi, unalisukuma mpaka ukingo wa kushoto, linajibandika nusu.

Lakini wasee wengi hujaribu hapo mara moja, kitu inakataa, wanaachana nayo. Manze, shida mara nyingi ni mpangilio mmoja. Xfce iko na tabia ya kukupeleka kwa eneo-kazi lingine ukivuta dirisha mpaka ukingoni, na hiyo inapigania ukingo ule ule na taili. Ingia kwa Window Manager, kichupo cha Advanced, uzime hiyo kitu ya kuvuka ukivuta dirisha. Kisha ingia Window Manager Tweaks, kichupo cha Accessibility, uhakikishe ile ya kujipanga ukingoni imewashwa. Ukimaliza, rudi Window Manager, kichupo cha Keyboard, ujiwekee njia ya mkato, kwa mfano kitufe cha Windows na mshale wa kushoto. Zile za kuja nazo mara nyingi zinataka vitufe vya namba za kando, na laptopu ndogo haina hizo.

Sasa tufike penye maneno. Skrini nyingi za ex-UK ni pikseli 1366 kwa 768. Gawa upana mara mbili: 683 kila upande. Hapo ndipo mambo mawili yanaharibika.

Ya kwanza, kila programu humwambia meneja wa madirisha udogo wa mwisho inaoweza kuvumilia. Kama programu yako imesema haishuki chini ya pikseli 800, na nusu yako ni 683, hesabu imekataa. Meneja atagoma kuipanga, au ataipanga ivuke mpaka imlalie jirani. Ukiona hivyo usidhani umekosea. Funga pau za kando za hiyo programu, mara nyingi inakubali kupungua.

Ya pili ni ya brauza. Tovuti nyingi zimeandikwa kwamba upana ukishuka chini ya 768, zidhani uko kwa simu. Kwa nusu ya 683 unapata menyu ya simu, vitufe vikubwa, jedwali limekatwa. Dawa ni rahisi mpaka inachekesha: finya Ctrl na alama ya kutoa mara mbili, ukurasa ushuke hadi 80%. Kwa tovuti, 683 inageuka kama 854, na sura ya kompyuta inarudi. Hii peke yake ingeniokolea ile rent.

Robo nne kwa skrini kama hii mimi nasema zii. Ukitoa ile pau ya chini na kichwa cha dirisha, unabaki na mistari michache tu ya kusoma. Nusu kwa nusu inatosha, au theluthi mbili kwa moja kama unaandika sana na kuchungulia kidogo.

Na hapo kwa theluthi ndipo Xfce inanikera. Ukivuta mpaka wa dirisha la kushoto liwe pana, la kulia halisongi, linafunikwa tu. GNOME ililitatua kwa nusu mbili tangu toleo la 3.26 mwaka wa 2017: unavuta mpaka mmoja, yote mawili yanabadilika. KDE Plasma 5.27, iliyotoka Februari 2023, ilienda mbali zaidi. Unafinya kitufe cha Windows na T, unajichorea vigae vyako unavyotaka, kisha unavuta dirisha ukiwa umeshika Shift na linaingia kwa kigae chake. Kama mashine yako ina RAM ya gigabaiti 8, jaribu hiyo kabla ya zingine. Kuna pia i3, ya tangu 2009, inayojipangia kila kitu yenyewe na kuendeshwa kwa kibodi tupu. Hiyo wiki ya kwanza utatukana, nakuambia mapema.

Kama utabaki Xfce kama mimi, na upate dirisha linakataa kupangwa, waambie wanaoitengeneza. Usiandike tu "taili haifanyi". Andika toleo la Xfce, ukubwa wa skrini, jina la programu, na hatua ulizofuata moja baada ya nyingine mpaka ikaharibika. Wengi wanaojenga hizi vitu wako na skrini kubwa na hawajawahi kukutana na nusu ya 683. Wewe unaishi ndani yake kila siku.

Mimi yangu ya mpaka usiosonga nimeiandika nusu, iko wazi hapa upande wa kulia. Kushoto kuna job ya klaienti mpya, na nimefika mstari wa 112.