Mwenyekiti wa Kisiwa Anapoomba Kura Tena

Mwishoni mwa Julai 2024 nilikuwa Kabwe, bandari ndogo ya Ziwa Tanganyika katika Wilaya ya Nkasi, nikisubiri boti. Ukitoka Sumbawanga unapita Namanyere juu ya uwanda wa Ufipa, penye baridi na mashamba ya mahindi, kisha barabara inateremka mpaka joto la ziwa likupige usoni. Kwa kawaida kinachofuata ni harufu ya dagaa. Safari hiyo haikuwepo. Mitumbwi ilikuwa imevutwa juu ya mchanga, nyavu zimekunjwa, na vijana wamekaa kivulini wakicheza karata mchana kutwa.

Ziwa lilikuwa limefungwa. Kwa makubaliano ya nchi nne zinazopakana nalo, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka huo ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu si mingi kwa mtu anayepokea mshahara. Kwa kijana anayelala ziwani na kulipwa kwa fungu la dagaa waliovuliwa usiku ule, ni muda mrefu mno.

Hapo ndipo nilipokutana na mzee mmoja aliyekuja kutafuta mahindi. Ni mwenyekiti wa kijiji katika moja ya visiwa vilivyotawanyika mbele ya Kipili na Kirando, kusini ya Kabwe. Sitalitaja jina lake, wala jina la kisiwa, kwani katika kisiwa cha namna hiyo ukitaja kijiji umekwisha mtaja mwenyekiti. Nilimwamkia, tukazungumza habari za ziwa, kisha nikamwuliza kama Novemba atagombea tena.

Akacheka. “Ndugu mwandishi,” akaniambia, “mimi ndiye niliyewasomea barua ya kufunga ziwa. Mengine waulize wao.”

Basi tuitazame hesabu ya mzee huyu. Ziwa lilifunguliwa katikati ya Agosti. Uchaguzi wa Serikali za Mitaa ulipangwa tarehe 27 Novemba. Kati ya kufungua ziwa na kupiga kura ziko siku mia moja na kidogo. Barua haikuandikwa naye, na uamuzi ulipitishwa na watu wasioomba kura kisiwani kwake. Lakini aliyesimama chini ya mwembe akaisoma ni yeye.

Hapa mjini tumezoea kufikiri kwamba kiongozi huangushwa kwa kutofanya kazi. Kisiwani mambo yanaweza kugeuka. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mwenyekiti ndiye mkuu wa halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Ulinzi na usalama uko mikononi mwa kamati ya halmashauri hiyo, na mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitwa kila miezi mitatu ili, pamoja na mengine, wananchi wasomewe mapato na matumizi. Afisa Mtendaji anaajiriwa, akichukiwa huhamishwa. Mwenyekiti hana mshahara wala uhamisho. Amezaliwa pale, atazikwa pale, na kokoro analotakiwa kulikamata ni la shemeji yake.

Nalisema hili la shemeji si kwa mzaha. Kokoro ni wavu unaokokotwa hadi ufukweni, nao hukomba vifaranga pamoja na wazazi wao, ndiyo maana umepigwa marufuku. Mzee aliniambia kwamba katika kipindi chake alitoa taarifa ya kokoro mara mbili. Mara ya kwanza lilikuwa la wageni, na kijiji kizima kilimpongeza. Mara ya pili lilikuwa la kaka wa mkewe. Wavu ukachomwa moto, na mkewe akakaa karibu mwezi mzima bila kukanyaga kwa kaka yake. “Lile la kwanza lilinipa kura,” alisema, “na la pili likazichukua zote na riba.” Nikamwuliza kama anajuta. Akasema dagaa wamepungua, kila mtu kisiwani anajua wamepungua, na kila mtu anaamini aliyewapunguza ni mwenzake.

Sasa linganisha na mbunge. Jimbo la Nkasi Kaskazini, ambalo Kabwe na Kirando zimo, lilishangaza wengi mwaka 2020. Ally Keissy wa CCM, aliyekuwa mbunge tangu 2010, alishindwa na Aida Khenani wa CHADEMA, katika uchaguzi ambao chama chake kilizoa karibu majimbo yote ya nchi. Mbunge aliyeshindwa namna hiyo anaweza kuulaumu upepo, au mtandao wake wa kampeni, au watu wa bara, au watu wa ziwani. Wapiga kura wake ni maelfu kwa maelfu, hawezi kuwajua. Mwenyekiti wa kisiwa kidogo anawajua mmoja mmoja. Kura ni ya siri kwa mujibu wa sheria, lakini matokeo yakitangazwa jioni, kabla hajafika nyumbani amekwisha jua ni nyumba zipi zilimkataa. Kesho yake atapanda nao mtumbwi mmoja kwenda Kirando sokoni.

Mzee alikwisha onja aina mbili za ushindi. Mwaka 2014 alichaguliwa kwa kura. Mwaka 2019, vyama vikuu vya upinzani vilipojitoa, alipita bila kupingwa kama walivyopita wenzake wengi nchini. Nilidhani angeniambia kwamba huo wa pili ulikuwa mtamu. Kumbe ndio uliomnyima usingizi. Kwa miaka mitano aliongoza watu asiojua kama wanamtaka, na walipomnunia hakuwa na idadi ya kura ya kuwaonyesha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halimo katika sheria yoyote, nalo ni mwezi.

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, na wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Kalenda ya uchaguzi haiutazami mwezi wa angani. Orodha ya wapiga kura wa vijiji iliandikishwa kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024, na mwezi ulikuwa mpevu tarehe 17. Wavuvi walikuwa ufukweni, wakajiandikisha kwa wingi, wengine, kwa maelezo ya mzee, wakiwa bado na hasira ya miezi mitatu. Lakini tarehe 27 Novemba ilikuwa siku nne tu kabla ya mwezi kuandama. Giza tupu. Tarehe 24 Novemba 2019 nayo ilikuwa hivyo hivyo, ila mwaka ule hapakuwa na wa kumpinga.

Kura zilipigwa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Kijana aliyevua usiku kucha anafika alfajiri, anashusha, anagawana na tajiri mwenye mtumbwi, anakula, halafu analala kama gogo. Jua likitua anataka awe amekwisha toka tena. Baada ya miezi mitatu ya kukaa bure na madeni ya dukani, nani ataiacha kazi ya usiku wa giza kwa ajili ya kura?

Mwanzoni mwa 2025 nilirudi Kabwe, nikakutana na mzee tena, safari hii akiwa na magunia mawili ya dagaa. Nilimpa pole kabla sijampa hongera, maana sikujua ipi inastahili. Alikuwa ameshinda, kwa tofauti ya kura zinazohesabika kwa vidole vya mikono miwili. Waliofika kituoni walikuwa hasa akina mama wanaoanika dagaa, wazee wenzake, na walimu. Wengi wa wale waliojiandikisha Oktoba kwa nia ya kumwangusha walikuwa wamelala.

Nikamwuliza mkewe anasemaje. Akasema mkewe alimpigia kura, au ndivyo alivyomwambia. Shemeji yake hakufika kituoni, alikuwa miongoni mwa waliolala, na sasa anavua kwa wavu halali wa mkopo ambao mzee mwenyewe ndiye aliyemdhamini. Hawajaanza kusalimiana vizuri.

“Kwa hiyo 2029 utarudi?” nikamwuliza.

Alitazama ziwa kidogo, kisha akaniomba, kwa kuwa mimi ni mtu wa redio na kalenda, nimtafutie mwezi wa angani utakuwaje Novemba hiyo.