Mihogo siku tatu ndani ya maji, kwa ajili ya mtoto



Mihogo yenu michungu inalala siku ngapi ndani ya maji? Wengi watajibu tatu. Lakini njaa ikibana, ao mnunuzi akingoja na motokari, tatu inakuwa moja. Hatari inaanzia hapo.

Muhogo mchungu una sumu inayoitwa sianidi. Ikibaki ndani ya unga, na mtoto anakula bugali kila siku bila maharagi wala samaki, anaweza kupata konzo: kwa gafula miguu yote miwili inakauka, na haiponi tena. Si ulozi, na haiambukizi. Konzo ni neno la Wayaka, maana yake miguu iliyofungwa. Munganga Trolli aliandika juu yake mwaka 1938 kule Kwango. Wakati wa vita imeonekana hata Kivu ya Kusini.

Kuna jambo lingine lisiloonekana kwa macho. Mwaka 2013 watafiti wa Kongo na Marekani walitoa matokeo ya kazi yao kwa watoto wa Kahemba. Watoto wenye kutembea vizuri, lakini wa nyumba zenye konzo, walikuwa nyuma kwa mitihani ya akili kuliko wale wa kijiji kisicho na konzo. Kumbe miguu inaweza kuwa mizima na akili imeisha kuguswa.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mihogo michungu ilowe siku tatu kamili, kisha ianikwe vizuri.

Pili, kama una mashaka na unga, weka ndani ya basini, piga alama pale unga unafika. Ongeza maji ukikoroga: unga utashuka, kisha utapanda tena mpaka kwenye alama. Tandaza juu ya mukeka, unene usipite sentimeta 1. Acha masaa 2 kwenye jua ao 5 kwenye kivuli, sumu itoke na hewa. Pika siku ileile. Wamama wa Kay Kalenge, Popokabaka, walianza hivyo mwaka 2010, na konzo mpya haikuonekana tena wakati walipofuatiliwa.

Tatu, usiuze maharagi yote. Sahani ya mtoto ipate yake, na ndagala zikipatikana.

Kwenye masomo yetu ya kilimo tulifundishwa kuhesabu mavuno kwa tani. Leo ninaomba kila kooperative ihesabu pia siku za kuloweka, na isinunue mihogo ya siku moja.